Jicho na Ushahidi Wake

Katika viungo vyote vya mwanadamu, jicho ndilo lililopewa cheo cha shahidi. Barazani hutakiwa aliyeona kabla ya aliyesikia; sokoni mnunuzi hakubali sifa za bidhaa mpaka aitazame; na methali yasema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Walakini cheo hicho kina mpaka wake. Jicho laona mlima ulio mbali na mchwa aliye karibu, lakini halijioni lenyewe. Likipatwa na jambo, halina budi kuacha kazi ya kuona na kushika kazi ya kuhisi, na katika kazi hii ya pili shahidi yule yule aliyeaminiwa na watu wote huanza kutiliwa shaka. Mtu asemapo kuwa ana kitu ndani ya jicho, na wengine wakatazama wasione kitu, nani asadikiwe? Na baada ya kusadikiwa huyo, wajibu wa kila mmoja ni upi?

Swali hili si mchezo wa maneno. Liko mahali ambapo huulizwa kwa machozi. Bahi ni nchi ya uwanda, magharibi ya Dodoma, katika njia ya Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mvua huko huanza aghalabu mwezi wa Desemba na kukoma Aprili. Miezi iliyosalia ni ya jua na upepo. Mbuga kubwa ya Bahi ikijaa maji hulimwa mpunga, na ikikauka hugeuka uwanja mweupe ambao chamchela huuzungukia na kuuinua mpaka juu ya mibuyu. Ng'ombe ni mali ya heshima katika Ugogo, na zizi halikai mbali na nyumba. Palipo na zizi pana nzi. Palipo na ukame maji hubebwa kichwani kutoka mbali. Vumbi, nzi na uhaba wa maji vimekutana mahali pamoja, na mwenye kulipa gharama ya mkutano huo ni jicho.

Upigwe mfano wa mwanamke mmoja wa huko, mwenye wajukuu, aketiye jioni kivulini mwa tembe. Amepikicha jicho lake tangu asubuhi. Humwita binti wa mwanawe, akamwambia, "Mjukuu wangu, njoo unitazame jicho. Lina mchanga." Binti humgeuza uso kuelekea mwanga, akalifunua jicho kwa vidole viwili, akatazama kwa makini. "Bibi, hakuna kitu." Bibi hujibu, "Kipo, mjukuu wangu. Tazama tena." Binti hutazama tena, na jibu ni lile lile. Hapa pana watu wawili wakweli wanaopingana. Bibi hasemi uongo, maana maumivu ni yake na hakuna awezaye kumfundisha. Binti hasemi uongo, maana ametazama na hakuuona mchanga. Ikiwa wote wawili wasema kweli, basi kosa limo ndani ya swali lenyewe walilokubaliana kuuliza.

Hisia ya kitu ndani ya jicho yaweza kuja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ndiyo ijulikanayo na kila mtu: chembe ya vumbi, kipande cha jani kavu au mdudu mdogo ameingia kweli. Dawa yake ni kujizuia mkono usipikiche, kufumba na kufumbua ili machozi yafanye kazi yao, na kumiminia jicho maji safi. Chembe ikikataa kutoka, au ikiwa imechoma, mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali upesi, wala asitiwe majani wala asichokolewe kwa ncha ya kitu. Njia ya pili ni ya ajabu kidogo: chembe imekwisha kutoka, lakini mkwaruzo ulioachwa juu ya kioo cha jicho unauma kana kwamba chembe ingalipo. Kioo hicho, ambacho ni ngozi nyororo iliyo angavu mbele ya mboni, hakina mishipa ya damu, ila kina mishipa ya fahamu iliyosongamana kuliko karibu mahali pote pa mwili. Ndiyo sababu chembe ndogo huhisiwa kama jiwe, na alama ya chembe huhisiwa kama chembe yenyewe. Katika njia hii ya pili mtu aendeleaye kukitafuta kitu na kukipikicha hujiongezea jeraha kwa juhudi yake ya kujiponya.

Njia ya tatu ndiyo ya bibi wa Bahi. Katika jicho lake hapana kitu kigeni, wala hakikuwapo. Kinachomkwaruza ni kope zake mwenyewe. Ugonjwa wa vikope, uitwao pia trakoma, huletwa na kijidudu kipendacho kukaa upande wa ndani wa kikope, yaani ile ngozi ifunikayo jicho. Huwashika hasa watoto wadogo, na huenda kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa pindo la kanga lililofutia nyuso mbili, na kwa nzi wafuatao matongotongo. Mara moja haitoshi kuleta upofu. Lakini mtoto akishikwa, akapona, akashikwa tena, mwaka baada ya mwaka, ndani ya kikope hufanyika makovu. Kovu lina tabia ya kujikunja likikauka, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa vibaya. Likijikunja huvuta ukingo wa kikope kuelekea ndani, na kope zilizokuwa zikitazama nje huanza kutazama ndani. Kila bibi afumbapo jicho, zile kope hupita juu ya kioo kama ufagio. Miaka ikipita kioo hupata ukungu mweupe, na upofu huo hautibiki kama mtoto wa jicho utibikavyo, kwa maana kilichoharibika ni dirisha lenyewe.

Sasa yaonekana kwa nini mjukuu hakuona kitu. Alikuwa akitafuta kitu kigeni, na kwa hiyo kitu cha nyumbani kilipita mbele yake bila kutambuliwa. Kope chache nyembamba, nyingine zikiwa zimekatika zikabaki visiki tu, hazikumshtua, kwa sababu kope ni haki yake kuwapo jichoni. Bibi naye alikosea vivyo hivyo: alijua kwa yakini kuwa anakwaruzwa, akaongeza jina la mchanga ambalo hakulijua. Hisia ilimwambia kuwa lipo jambo. Haikumwambia ni jambo gani, wala limetoka wapi, wala lina umri gani. Hayo aliyajaza mwenyewe kwa mazoea ya nchi yake, maana katika nchi ya vumbi mtu hushtaki vumbi kwanza.

Kutokana na mfano huu yaweza kupatikana kanuni moja. Hisia ni shahidi mkweli wa kuwapo kwa maumivu, lakini ni shahidi dhaifu wa sababu yake. Asiyetenganisha mambo haya mawili huanguka katika moja ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuisadiki hisia yote, pamoja na jina iliyojipa. Mtu wa namna hii hupikicha, huosha, hutia dawa za miti, hutafuta mchanga miaka kumi, na miaka hiyo yote kope zinaendelea na kazi yao. Kosa la pili ni kuikataa hisia yote kwa kuwa jina lake halikuthibitika. Hili ndilo kosa la majirani. Wametazama, hawakuona, basi husema kuwa mama huyu ni mzee, au ni mvivu wa jembe, au apenda kuhurumiwa. Kosa la kwanza humdhuru mtu kwa ujinga wake mwenyewe. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu humdhuru mtu kwa ujinga wa wengine, kisha humtwika aibu juu ya maumivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na asiyejua kunguni hana haki ya kusema kuwa hawapo.

Yamkini mtu atapinga akisema kuwa, kama kila adaiye maumivu husadikiwa, wadanganyifu watapata njia pana. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halifiki mbali. Kumsadiki mtu kuwa anaumia si kumkubalia kila alisemalo juu ya maumivu hayo. Ni kukubali tu kuwa kazi ya kutazama haijaisha. Mjukuu aliyesema "hakuna kitu" angekuwa na haki kamili kama angesema, "Sijakiona bado." Maneno haya mawili yanakaribiana sana katika masikio, lakini yametengana kwa matokeo. La kwanza hufunga mlango na kumwacha mgonjwa nje. La pili huuacha wazi mpaka apatikane mwenye ujuzi wa kukigeuza kikope na kutazama upande wa pili. Mdanganyifu naye hapati faida kubwa kwa mlango huo, maana atakayemgeuza kikope atamtambua. Kwa hiyo anayeogopa kudanganywa na anayetaka kusaidia wote wawili wahitaji jambo moja, nalo ni uchunguzi.

Elimu yenyewe ya ugonjwa huu ilipatikana kwa watu waliokataa kusema hakuna kitu. Mwaka 1907, huko Java, wataalamu wawili, Halberstaedter na von Prowazek, waliona kwa darubini alama za kijidudu ndani ya chembe za ngozi ya jicho. Ilipita nusu karne kabla kijidudu hicho hakijakubali kufugwa nje ya mwili: mwaka 1957 mtaalamu wa China, Tang Feifan, na wenzake walitangaza kuwa wamekiotesha ndani ya mayai ya kuku. Mwaka uliofuata Tang alijitia kijidudu hicho ndani ya jicho lake mwenyewe, ugonjwa ukatokea, shaka ikakatika. Katika tendo hilo shahidi wa kuona na shahidi wa kuhisi walikutana katika mtu mmoja. Si kila mtu atakiwa kufanya hivyo, lakini mfano wake wafundisha kuwa ushahidi wa hisia haukufutwa na elimu. Uliunganishwa na ushahidi mwingine ukawa kamili.

Wahenga walisema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika jicho la bibi, kimlacho ki karibu kuliko nguo. Kope zimeumbwa ziwe walinzi wa mlango: vumbi likija huzikuta mbele, na mkono ukikaribia hufumba kabla akili haijaamuru. Mlinzi huyo sasa ameelekeza mkuki ndani ya nyumba. Je, kope zina hatia? Mtu mwepesi wa hukumu atasema ndiyo, akazing'oa. Lakini kope hazikubadilika hata kidogo. Ni zile zile kwa urefu na ugumu, na zingefanya kazi ile ile ya ulinzi kama zingeelekea nje. Kilichobadilika ni kikope kinachozishika, na kikope kilibadilishwa na makovu, na makovu yalianza alipokuwa mtoto wa miaka miwili au mitatu akichezea mavumbini pamoja na ndugu zake. Kati ya sababu na maumivu pana miaka arobaini. Si ajabu kwamba hakuna aliyeviunganisha. Mambo mengi ya watu yana tabia hii: desturi iliyowekwa kulinda huanza kuumiza, na watu hugombana na desturi au hugombana na anayelalamika, wala hawaulizi ni kovu gani lililoigeuza.

Kuna chombo kidogo ambacho wanawake wengi wa uwanda huo wanakijua: kibano cha kung'olea kope. Bibi akiisha kutambua adui wake, humpa mjukuu kibano, na mjukuu hung'oa kope moja moja. Nafuu huja mara ile. Baada ya majuma machache kope huota tena. Nyingine zilizokatika badala ya kung'oka huota kama miiba mifupi. Basi kibano huitwa tena. Je, mjukuu anatenda wema au anachelewesha wema? Haifai kumhukumu kwa haraka. Waganga wa macho wenyewe hukubali kuwa, palipo na kope chache tu zilizopinda, kung'oa kwa uangalifu na kwa kibano kizuri ni msaada wa haki kwa mtu asiyetaka kupasuliwa. Lakini palipo na kope nyingi, kikope chatakiwa kupasuliwa kidogo na kugeuzwa ili ukingo wake urudi nje. Kazi hiyo ni fupi. Hufanywa kwa ganzi hata katika zahanati ya kijiji na muuguzi aliyefundishwa. Hairudishi nuru iliyokwisha kupotea, na wakati mwingine kope hupinda tena. Bali huondoa mkwaruzo na kulinda nuru iliyobaki. Nafuu, basi, si adui wa tiba. Hugeuka adui pale tu inapomsahaulisha mtu kuwa tiba ipo.

Wapo wanawake ambao huelezwa habari za upasuaji, wakakataa. Aliye mbali husema kuwa ni ujinga. Aliye karibu huona hesabu nyingine. Atakayepasuliwa atafungwa jicho; nani atateka maji, nani atasaga, nani ataangalia wadogo? Safari yataka nauli, na yataka mtu wa kumsindikiza. Fauka ya hayo, maumivu ameyazoea, ilhali kisu hakijui. Kukataa kwake kwaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili aliyepewa njia mbili zote mbaya. Akilaumiwa hapo, lawama hiyo haimwongezei njia ya tatu. Wajibu wa walio karibu naye ni kuitengeneza hiyo njia ya tatu: jirani ateke maji siku zile, mume aruhusu na asindikize, mganga asogee kijijini badala ya kungoja mgonjwa asogee mjini.

Lawama nyingine huelekezwa kwa mama mwenye mtoto mchafu wa uso. Ni kweli kuwa uso safi ni kinga. Huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, palifanywa uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 katika vijiji sita. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho, na vitatu kati yake vilifundishwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walipungukiwa na ugonjwa mkali, ingawa kunawa peke yake hakukuufuta ugonjwa wote. Lakini kutoka katika ukweli huu haitoki hukumu kuwa mama ana hatia. Maji anayoyatumia ameyabeba mwenyewe. Ndoo ile ile yangojwa na chungu, na mgonjwa, na kiu. Mwenye kumwambia anawishe uso hana budi kwanza kuuliza kisima kiko wapi, na pia kumwonyesha kuwa maji kidogo yakimiminwa taratibu yatosha nyuso kadhaa. Ni wanawake wanaolea watoto, kwa hiyo ni wao wanaoambukizwa tena na tena na watoto hao, na ndio maana kope zilizopinda huonekana kwa wanawake wengi zaidi kuliko wanaume. Hulipa kwa macho yao gharama ya kazi ambayo jamii nzima hufaidi. Kuwalaumu baada ya hayo ni kuwadai mara mbili.

Kwa hakika njia iliyokubaliwa ulimwenguni inathibitisha kuwa jambo hili halina mtu mmoja wa kulaumiwa wala mtu mmoja wa kuliponya. Tangu miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani limeshauri mambo manne kwa pamoja: kupasua vikope vilivyopinda, kutoa dawa kwa kijiji kizima, kunawa uso, na kutengeneza mazingira kwa maji na vyoo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kugawa dawa ya azithromaisini iliyotolewa bure kwa ajili ya vikope. Kidole kimoja hakivunji chawa: dawa bila maji hurudisha ugonjwa, na maji bila upasuaji humwacha bibi na kope zake. Oman ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa nchi ya kwanza iliyouondoa ugonjwa huu usiwe tena janga la watu wake, na Malawi, jirani wa Tanzania, ikafuata mwaka 2022. Kwa hiyo upofu wa vikope hauwezi tena kuitwa majaliwa. Jambo liwezalo kuondolewa, likiachwa, huitwa kwa jina jingine.

Basi maswali yaliyoulizwa mwanzo yana majibu, ingawa si majibu ya kumpendeza kila mtu. Asadikiwe mwenye maumivu kuwa anaumia. Asisadikiwe kwa haraka, yeye wala mtazamaji wake, kuhusu sababu. Wajibu wa mwenye maumivu ni kuruhusu jina alilolitoa libadilishwe. Wajibu wa mtazamaji ni kutosema hakuna kitu mahali ambapo kweli ni kuwa hajakiona. Na wajibu wa jamii ni kurudi nyuma miaka arobaini, mpaka kwa mtoto achezaye mavumbini leo, ambaye bado haumwi na kitu.

Jioni ile katika Bahi, mjukuu aliyeambiwa atazame tena ana kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kukigeuza kikope cha bibi yake kuelekea mwanga, asitafute mchanga bali aangalie kope zinaelekea wapi, na kesho ampeleke kwa wenye ujuzi. Ya pili iko mgongoni mwake: mdogo wake aliyembeba kwa kanga, mwenye nzi wawili pembeni mwa jicho. Kibuyu cha maji kimetundikwa ukutani. Yaliyomo ni machache, na jua limeanza kutua. Yanatosha uso mmoja.